Sweta Lisilofuliwa

Kila Jumatatu Trijntje alifua, kama wanawake wote waliojiheshimu wa kijiji kile cha mkoa wa Groningen, Uholanzi. Alifua hata mapazia yasiyo na doa. Kilichosalimika ni sweta la sufu la marehemu mumewe, Harm, lililobaki kitini pake tangu azikwe.

Paka wao, Mientje, alilala juu yake, akijiramba tumbo mpaka manyoya yakaisha.

“Ana msiba,” Trijntje aliwaambia majirani. Watoto wake walikuwa wamemzika baba yao na kurudi kwenye shughuli zao. Paka peke yake ndiye aliyeonekana kuumia kama yeye, na hilo lilimfariji kuliko mahubiri yote ya mchungaji.

Tumbo la Mientje lilipoota vidonda vya kutoa damu, alimpeleka kwa Aukje, daktari wa mifugo. Aukje alimchana paka manyoya taratibu kwa chanuo.

“Viroboto hawa, mama.”

“Kwangu? Binti, kwangu unaweza kula sakafuni. Haya, nionyeshe mmoja.”

“Sina wa kukuonyesha. Paka kawala wote.” Alikung’uta chanuo juu ya karatasi iliyoloweshwa, na punje nyeusi zilizodondoka zikachuja rangi nyekundu. “Kinyesi chao hicho, damu ya paka mwenyewe. Paka wengine wanafuga viroboto wala hawana habari. Huyu ana mzio. Mmoja akimuuma anawashwa mwili mzima, basi anawasaka kwa ulimi na kuwameza. Kiroboto hadumu kwa huyu.”

“Kwa hiyo hana huzuni?”

“Anawashwa tu, mama. Analala wapi?”

“Kwenye sweta la mume wangu.”

“Mayai yanadondoka humo, wanazaliwa wengine. Lifue kwa maji ya moto, la sivyo dawa ni kazi bure.”

“Bado lina harufu yake.”

Aukje aliacha kuandika. “Pole sana, mama. Lakini huyu anateseka.”

Trijntje alilitia sweta mashineni mwenyewe. Sufu haipatani na maji ya moto. Lilitoka limenywea, la kumtosha mtoto. Alilikandamiza puani. Sabuni tupu. Akaketi sakafuni akalia, jambo ambalo hata makaburini hakulifanya.

Alilirudisha kitini. Mientje alikuja, akalinusa mara moja, akaenda kulala dirishani penye jua.