Sindano kwenye Mfuko wa Mkate

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, sindano ilipenya glavu ya mzoa taka na kumchoma kidole cha shahada. Alikuwa akishindilia mfuko mweusi kwenye mkokoteni wake, nje ya geti la muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Sista.

Aliingia uani bila hodi, akafungua bomba, akaosha kidole kwa maji na sabuni. Sista akatoka mbio.

"Kamua! Kamua damu itoke!"

"Haikamuliwi. Sindano ya nani hii?"

"Mbeba takataka unifundishe mimi? Nimechoma watu sindano miaka thelathini!"

"Na leo umeongeza mmoja. Ya nani?"

Sista alikunja uso. Kila asubuhi majirani watatu walikuja kwake kuchomwa sindano walizoandikiwa, wakwepe foleni ya kliniki. Akimaliza, aliirudishia kila sindano kifuniko, kama alivyozoea tangu enzi za kazi, kisha akazisokomeza zote kwenye mfuko mtupu wa mkate na kuutupa ndani ya ule mweusi wa taka. Kifuniko kimoja kilikuwa kimechomoka.

"Siri za wagonjwa sitoi," alisema. "Nenda zako."

"Naenda, na wewe unakuja. La sivyo namwaga huu mfuko hapa hapa getini, mtaa uhesabu sindano zako."

"Huna adabu wewe!"

"Adabu sina. Kidole kilichotobolewa ninacho."

Sista alivaa kandambili, akamtukana njia nzima hadi mlangoni mwa kliniki.

Daktari hakuzunguka mbuyu. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zianze leo leo, ziendelee siku ishirini na nane, isipokuwa wenye sindano wakipimwa wakaonekana hawana kitu. "Wako wangapi?"

Sista alitazama sakafu kama hakusikia.

"Mwache, daktari," mzoa taka alisema. "Mimi dawa zitanitapisha mwezi mzima, yeye aendelee kuitwa Sista."

Sista akatoa simu.

"Jirani, njoo kliniki upimwe damu. Ndiyo, sasa hivi. Nimefanya uzembe mimi, siyo wewe." Akakata, akapiga namba ya pili, halafu ya tatu, bila kumtazama mzoa taka hata mara moja.

Saa tatu na nusu mzoa taka alimeza vidonge vya kwanza. Saa nne kasorobo jirani mmoja aliingia, akakunja mkono wa shati. Wawili walikuwa bado hawajafika.