Usimtangulie Mwalimu

Nyuma ya karatasi ya matangazo ya dukani, binti yangu Olive alikuwa amekokotoa hesabu ambazo mimi, kule Butembo, niliwafundisha vijana wa miaka kumi na minane. Yeye ana kumi na minne. Ilikuwa wiki ya tatu hajakanyaga shule.

"Orkar inte," alinijibu kwa Kiswidi kila asubuhi, yaani hana nguvu za kwenda, kisha akageukia ukuta.

Nikaapa kumfundisha mwenyewe nyumbani. Nilikuwa mwalimu kabla vita havijanileta huku Farsta, Uswidi, kufanya kazi ya kuwaogesha wazee, na ualimu hausahauliki. Niliiandikia manispaa. Jibu likaja kavu: sheria ya Uswidi hairuhusu mzazi kumsomesha mtoto nyumbani, ila kwa sababu za kipekee. Kumbe kipaji si sababu! Nilikasirika, nikalia, kisha nikavaa kitenge changu cha kanisani nikamburuta Olive hadi kwa Jonas, mwalimu wake wa hesabu.

Jonas alifungua daftari la Olive. "Kila mara anafanya maswali matatu, kisha anaacha," alisema kwa upole. "Tumefikiria kumpa kitabu rahisi zaidi."

"Rahisi?" Nilimgeukia binti yangu. "Olive, juu ya nini unaishiaka kwa tatu?"

Akainamisha kichwa. "Mama, ni wewe ulisemaka. Mwalimu akiishia kwa swali la tatu kwa ubao, na mimi niishie pale. Mtoto asimutangulie mwalimu."

Ni kweli nilisema. Alikuwa na miaka saba, siku yake ya kwanza shuleni, nami nikamkanya huku nikimfunga kamba za viatu. Kwetu mwanafunzi wa kumpita mwalimu huhesabiwa hana adabu. Miaka saba mtoto wangu alikaa akiwasubiri wenzake, kwa utii, mpaka hamu ikamwisha. Mchawi niliyemtafuta shuleni na manispaa alikuwa mimi. Niliona aibu hata masikio yakawaka moto.

"Mwanangu," nikasema, "leo umutangulie."

"Kweli, mama?"

"Umutangulie mpaka umuache."

Jonas akaandika swali ubaoni. Olive akalimaliza kabla mwalimu hajafunika kalamu yake. Jonas akaleta gumu zaidi, la sekondari ya juu. Mkono wa Olive ukashika kasi, mistari ikateremka ubao mzima, na uso ambao kwa miezi haukuwa na kitu ukajaa tabasamu.

"Ngoja," Jonas akasema. "Hapo umefikaje?"

Olive akanitazama. Nikamwelekezea ubao kwa kidevu.

"Kaa chini, Jonas," akasema. "Nitakueleza."

Jonas akavuta kiti cha mwanafunzi, akaketi, magoti yakigonga meza, akatafuta ukurasa mtupu. Nami niliyelelewa kusimama kila mwalimu anapoingia, nilibaki nimekaa, nikapiga vigelegele mpaka mlango wa darasa la jirani ukafunguliwa. Vichwa vikachungulia. Nikaongeza sauti.