Benchi la Nje ya Wodi

Nitegulieni hiki: ukikifungia ndani hunenepa, ukikitoa nje hukonda. Kama hamkijui, kaeni nacho kwanza.

Mjukuu wangu ni daktari wa magonjwa ya akili. Asubuhi anatibu wodini, mchana anafundisha wanaotaka kuwa kama yeye. Siku ya kupewa uprofesa ilipokaribia, alikuja jikoni kumwomba mama yake, yaani binti yangu, ahudhurie.

"Nitakuja," binti yangu akasema, akiendelea kumenya vitunguu. "Lakini ya kwangu uyaache hapa hapa."

"Sitasema neno, Mama."

Ya kwake ni haya: zamani aliugua akili, akalazwa katika wodi ile ile. Alipopona, majirani tuliwaambia alikuwa safarini. Uongo huo tumeubeba kama yai mpaka mikono imekufa ganzi.

Basi siku ikafika, ukumbi wa hospitali ukajaa makoti meupe. Mkuu wa idara, mwenye sauti ya kubembelezea watoto, akasimama kusoma wasifu wa mjukuu wangu: shahada hii, utafiti ule. Nikaanza kusinzia, binti yangu akanifinya.

"Wodi yetu," mkuu akasoma, "aliijua kwa mara ya kwanza akiwa mwanafunzi wa udaktari."

Mjukuu wangu akatazama viatu vyake. Ahadi ni deni.

Binti yangu akasimama. Nilimvuta gauni, wapi.

"Samahani, baba. Hapo mmekosea."

"Wapi, mama?"

"Aliijua akiwa hana meno ya mbele. Alikuwa anakaa benchi la nje na bibi yake huyu, wanategana vitendawili, wananisubiri. Mimi nilikuwa ndani."

"Kama muuguzi?"

"Kama mgonjwa. Mlinitibu, nikapona."

Mkuu akavua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa. "Basi ngoja nianze upya," akasema, na akaanzia kwenye benchi.

Jibu la kitendawili changu ni aibu. Yetu ilikuwa nene. Siku ile ilibaki ngozi na mifupa.

Tulipotoka, benchi bado lilikuwepo. Tukakaa watatu, likalia.

"Mama, mimi sikusema," mjukuu wangu akanong'ona.

"Najua. Ungesema wewe, mimi nisingeweza."

"Sogeeni," nikawaambia, "mmenibana."

Hakuna aliyesogea.