Baiskeli ya Pili

Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, lakini fundi wa kuchomelea alipoupitishia ukucha, ukucha ulizama.

Alikuwa amelala chali mbele ya karakana yake, chini ya trela la kulala ambalo mume na mke mmoja, watu wazima waliokuwa safarini, walilikokota kwa gari lao. Nyuma ya trela kulikuwa na kibebeo cha chuma kilichofungwa kwenye bampa, na juu yake baiskeli mbili za betri, nzito kama ndama, zilizozungushiwa kamba hata rangi zake hazikuonekana. Mume ndiye aliyezifunga. Shemeji zake walimwita Bwana Kamba, wala hawakumsingizia. Mtu huyu alifunga hata kifuniko cha birika. Aliamini kwamba kitu kikianguka, basi hakikufungwa vizuri.

"Zinacheza kidogo tu," alisema. "Nitaongeza kamba."

Fundi alijitoa chini, akajikung'uta vumbi. "Mzee wangu, kamba hazina kosa. Kilichochoka ni bampa. Bati lenyewe jepesi, na huku nyuma trela linarushwa kuliko mnavyohisi ninyi mlioko mbele."

"Basi lichomelee."

"Nikichomelea hapa, litakatika pembeni. Baiskeli moja nitaiwekea chuma cha kuishikiza mpaka kwenye chasisi, utafika salama. Mbili, hapana."

"Nimesafiri nazo miaka yote hii!"

"Na anayekufuata barabarani, yeye amekosa nini?"

Bwana Kamba alishika kamba moja, akaikaza. Akamgeukia mkewe, aliyekaa garini mlango ukiwa wazi, blanketi magotini na jua lote lile. Daktari alikuwa amewaambia wote wawili, wakiwa wameketi bega kwa bega: kama kuna mahali mnapopapenda, nendeni sasa. Wakachagua ile njia ya kando ya ziwa waliyozoea kuizunguka kwa baiskeli. Siku hizi mke hakuweza kupanda hata ngazi ya trela bila kushikwa kiuno. Hata hivyo, asubuhi ya kuondoka mume aliifuta baiskeli ya mkewe vumbi, akaichaji betri, akaipakia. Mke alimtazama tu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawa hawakuficha kitu, walipakia tu.

"Shusha yangu," mke alisema.

"Tushushe ya kwangu. Yako ina kiti kizuri."

"Kizuri kwa nani, Baba Watoto?"

Bwana Kamba alimchukia fundi yule kwa kucha zake na macho yake makali, kisha akaona haya. Fundi alikuwa ameona ufa, akausema. Yeye alikuwa akiuona wake kila siku mezani, sahani ya mkewe ikirudi jikoni vile vile ilivyotoka, na kila siku alisema chumvi ilizidi.

Yeye na fundi waliishusha baiskeli ya mkewe, wakaiegemeza ukutani mwa karakana. Kabla hajafikiri, mikono ya Bwana Kamba ilikwisha kuifunga kwenye nguzo ya mlango, fundo juu ya fundo.

"Ifungue," mke alisema kutoka garini. "Aichukue atakayeiweza."

Fundi akakumbuka ghafla kwamba alikuwa akitafuta spana, akaingia ndani. Bwana Kamba alihangaika na mafundo yake mwenyewe, yakamshinda, akatumia meno. Alikuwa akilia, wala hakujifuta.

Chuma kilipokwisha kuchomelewa na kupoa, alimsaidia mkewe kurudisha miguu ndani, akainama kumfunga mkanda. Ulilegea. Akauvuta. Ukalegea bado. Akauvuta tena, akitafuta pale mwili wa mkewe ulipoanzia, mpaka mkewe akamshika mkono.

"Inatosha," alisema. "Twende."