Ngozi ya Gari la Baba Asukile

Sekela alikuwa na mke mwenza, na mke mwenza huyo alikuwa na matairi manne.

Msimcheke. Mwanamke akigombania mume na mwanamke mwenziwe, mtaa mzima wa Soweto, hapa Mbeya, utamwonea huruma, na mashoga watajaa sebuleni kumpa ushauri. Lakini utamwambia nani kwamba unalionea wivu gari? Jirani yake Tupokigwe alipodokezwa, alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo Sekela akafunga mdomo, akabaki na donge lake.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, safi, la kubebea maharusi. Samwel, mumewe, alilinunua mwezi wa tano kwa bosi mmoja wa Iringa, likiwa limevishwa utando wa plastiki angavu kutoka taa za mbele hadi buti. Utando huo hauonekani kwa macho. Uko pale kukinga rangi isichubuliwe na kokoto za barabarani, kama vile watu wanavyobandika kinga kwenye kioo cha simu. Mafundi wa Iringa wanauita ngozi. Samwel naye akalichukua neno hilo, na nyumba ikawa haina neno jingine.

“Ngozi haitaki jua kali, mama Asukile.”

“Usianike nguo hapo, maji yatadondokea ngozi.”

Asubuhi, kabla hata ya chai, alitoka na kuchutama mbele ya bampa, akalikagua kwa upole, kama Mnyakyusa anayesalimia wakwe. Sekela alimtazama kupitia dirisha la jikoni. Mwanamume huyu alikuwa na miaka kumi na mitatu ndani ya ndoa, na hakuwahi kuchutama mbele ya mtu yeyote wa nyumba hiyo.

Sekela aliuza viazi mviringo sokoni Mbalizi. Aliondoka alfajiri, baridi ya Julai ikiuma, na shughuli ya kuchambua viazi vyenye udongo mbichi ilimpasua mikono. Vidole vilikuwa na mipasuko mpaka akishika chumvi anafumba macho. Mara mbili alimwambia mumewe amletee gliserini akipita dukani. Mara mbili Samwel alisahau. Na si kwamba alikuwa na kichwa kizito. Ya gari hakusahau hata moja.

Kisha zikaanza simu za Devota. Huyo ndiye fundi wa Iringa aliyelivisha gari ngozi, na ndiye aliyejua dawa zake. Jumatano moja Sekela alikuwa anamenya viazi jikoni, akamsikia mumewe uani akiongea kwa sauti ambayo yeye aliisikia mara ya mwisho wakati wa uchumba.

“Imetulia, Devota. Jana nimeipapasa, laini kama ya mtoto. Ila kuna kialama hapa chini, kinanipa mawazo. Basi Jumamosi nakuja, tujaribu pembeni kwanza. Isipodhurika, tunapaka yote.”

Kisu kilimponyoka Sekela mkononi. Alijua ni gari. Alijua kabisa! Lakini moyo wenye wivu hauna masikio ya kujua. Ulisikia “nimeipapasa”, ukasikia “laini”, ukatosheka.

Jumamosi Samwel akaenda Iringa kweli, akarudi Jumapili na mfuko. Sekela aliusogelea haraka. Ndani mlikuwa na chupa mbili na mataulo manne, laini kiasi cha kumkaushia kichanga.

“Hii ndiyo sabuni yake,” Samwel alisema, macho yakimwaka. “Haina amonia, haina spiriti, haina petroli. Si chachu na si kali kama magadi, iko katikati kabisa. Watu wanaona povu jingi wanadhani ndiyo sabuni nzuri. Wapi! Devota anasema ukali unaila ngozi taratibu, inakuwa ya njano, inapasuka. Na brashi ni mwiko.”

“Na gliserini yangu?”

Samwel alijigusa paji la uso. “Yesu wangu. Nimesahau.”

Sekela hakugomba. Alichukua kipande cha sabuni ya mche, akaenda kuosha vyombo, na maji ya bomba yalikuwa baridi kama barafu. Aliosha polepole, akiisikia kila sahani ikimkata. Basi hata sabuni ya gari ilichaguliwa, ikajaribiwa, ikasubiriwa! Yeye sabuni yoyote ilimtosha.

Ijumaa iliyofuata Samwel alirudi kutoka Igawa, alikompeleka mteja. Barabara ilikuwa inatengenezwa huko, na lami mbichi ilikuwa imelirukia gari ubavuni na kwenye boneti, madoa meusi kama mbegu za papai. Kesho yake bibi harusi alikuwa anasubiriwa saa nne kanisani. Samwel aliyatazama madoa, akasema yataloweshwa kwa dawa ya Devota akirudi kutoka mazoezi ya kwaya, yasiguswe kwanza. Akaondoka.

Sekela akabaki na gari, wawili peke yao.

Kila mtu Mbeya anajua lami inatolewa kwa petroli. Baba yake aliitoa hivyo kwenye baiskeli, kaka zake kwenye viatu. Alimimina petroli kidogo kutoka dumu la stoo, akaloweka kitambaa, akajiambia anamsaidia mumewe. Ni kweli doa la kwanza lilitoka kama mchezo. La pili likakaidi. Akaenda kuchukua brashi ya kufulia na sabuni ya unga, na hapo habari ya kusaidia ikaishia. Alisugua boneti kama anayesugua mazulia ya msiba. Petroli iliingia kwenye mipasuko ya vidole, ikamchoma mpaka machozi yakamtoka, naye akazidi kusugua. Kanga aliyojifunga kiunoni iliandikwa MWENYE WIVU AJINYONGE, lakini nani anasoma kanga yake mwenyewe?

Alipomwagia maji, boneti ilikuwa na ukungu. Mikwaruzo ilijipanga kila upande, na ukingoni utando ulikuwa umenyanyuka. Kwanza alisikia raha, asitudanganye. Kisha akaiacha brashi chini.

Samwel aliingia getini akiimba sauti ya besi. Wimbo ukakatika. Alichutama, akaweka kiganja juu ya boneti. Kisha akatoa simu, akampigia Devota, akaweka spika.

“Kamwene, kaka. Kamwene, wifi, kama upo hapo,” Devota alisalimia kwa Kihehe. Akasikiliza habari za petroli na brashi, akaguna. “Basi hiyo ya boneti imekwenda. Ipashe moto na draya ya nywele, ivue polepole. Ila usilie, kaka. Kazi yake ndiyo hiyo, iumie yenyewe rangi ipone. Nitakukatia nyingine.”

Samwel akapasha, akavuta. Utando ukaachia kidogo kidogo, na chini yake rangi ikatokea nyeupe, inang’aa, haina hata alama.

“Nzima!” alipiga kelele. “Mama Asukile, ona! Nzima kabisa! Njoo shika huku nivute.”

Hakumgombeza. Hakumuuliza alikuwa anafikiria nini. Alicheka peke yake kama mtu ambaye mtoto wake ametoka salama hospitali, na Sekela aliona ingekuwa heri angetukanwa. Alishika ukingo wa utando. Gundi ilivuta vidole, mpasuko mmoja ukafunguka, tone la damu likaangukia boneti nyeupe.

“Aa, taratibu, utachafua,” alisema Samwel, akanyoosha mkono kuchukua taulo.

“Samwel.”

Mkono ukaganda hewani. Tangu mtoto wao Asukile azaliwe, mke huyu alimwita baba Asukile tu, hata siku ya kugombana.

“Nilifanya makusudi,” Sekela alisema. “Niliona inaharibika, nikaendelea.”

“Makusudi? Kwa nini?”

“Ili uniulize.”

“Nikuulize nini?”

“Chochote! Kitu chochote ambacho si gari.”

Samwel alimtazama usoni, halafu macho yakashuka mpaka mikononi. Aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa chumba asichokijua ndani ya nyumba yake. Alifungua mdomo aseme habari ya kesho, ya bibi harusi na saa nne, akaufunga.

“Inauma?” aliuliza mwishowe.

“Inauma.”

“Tangu lini?”

Sekela alivuta kiti cha plastiki, akakaa, akaweka mikono yote miwili magotini, viganja juu, akamwacha ahesabu mipasuko mwenyewe.