Wati Zilizopotea Chumbani kwa Mama

Mimi ni fundi umeme, na nikishamshuku mtu, hata usingizi hunipaa. Kwa siku nne nzima nilimshuku wifi yangu.

Mama mkwe wangu ana mapafu mabovu, baridi kwake ni sumu. Ndiyo maana nilimwekea chumbani hita mpya ya wati elfu moja mia mbili. Sasa analalamika kwamba haimpashi moto hata vidole. Na anayeshinda naye mle kutwa ni nani? Wifi, dada wa mume wangu, mwenye maneno matamu na simu isiyobanduka sikioni. Nikajiambia, huyu katoa koili yangu mpya, ule waya wa hita unaotoa joto, kauza, katia kuukuu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Asubuhi ile niliingia na mita yangu, wifi kasimama mlangoni na kikombe cha chai. Nikapima soketi: volti mia mbili arobaini, sawasawa. Nikachomeka hita, nikabana mita kwenye waya: ampea tatu tu.

Nikaandika kiganjani. Gawa volti kwa ampea: ukinzani omu themanini. Koili niliyonunua ina arobaini na nane! Zidisha volti kwa ampea: wati mia saba ishirini. Zile nyingine zimeota miguu?

"Koili umempa nani?" nilimfokea.

"Koili gani tena, wifi?"

"Usijitie hamnazo! Hesabu haina shemeji. Mama, binti yako anakuibia joto lako!"

Mama alijigeuza upande wa pili. Wifi akaweka kikombe chini. Nilidhani atalia. Niliona hata raha kidogo, Mungu anisamehe.

"Ile mia mbili arobaini," alisema polepole, "uliipima kabla hujachomeka hita. Hiyo tatu umeipima hita ikiwaka. Mbona hukuzipima kwa pamoja?"

"Utanifundisha kazi?"

"Pima tu, fundi."

Nikafungua kifuniko cha hita kwa kiburi, ili nimuaibishe vizuri. Nikapima pale pale kwenye koili, hita ikiwaka. Mita ikasoma volti mia moja arobaini na nne. Nikapima tena. Ile ile. Gawa kwa tatu: arobaini na nane. Koili yangu mpya, salama salimini.

Lo! Kumbe kati ya zile mia mbili arobaini, volti tisini na sita zinaishia njiani. Zidisha kwa ampea tatu: karibu wati mia tatu zinaunguza kitu mahali fulani. Nikagusa ukuta nyuma ya kitanda cha mama, nikaurudisha mkono mbio. Plasta ilikuwa ya moto, inanuka. Mle ndani mna kiungo cha nyaya nilichokifunga mwenyewe, harakaharaka, siku ya kuweka hita.

Nilikimbilia swichi kubwa nikazima nyumba nzima. Tukamhamishia mama sebuleni, wifi miguuni, mimi kichwani.

Kisha nikamvuta wifi jikoni, nikamnong'oneza, "Nisamehe, dada yangu. Kosa ni langu."

"Kosa gani?"

"La ukutani. Na la kukuita mwizi."

"Mama hajasikia hayo."

"Nitamwambia taratibu, akishapumzika."

Wifi alitikisa kichwa, akaufungua wazi mlango wa sebuleni.

"Mwambie sasa hivi," alisema. "Na kwa sauti ile ile."