Nusu Imeshika

Wiki ya sita ilipotimia, Mama Mashuka alikuwa amechoka mpaka kope. Wiki zote hizo alilala ameketi kwenye kiti, mkono wa kulia umefungwa kifuani kwa mkanda wa hospitali kama mtoto kwenye mbeleko. Jina alipewa kazini, maana miaka kumi na tisa alifua na kuanika mashuka ya hosteli ya wanafunzi. Shuka lililolowa si kitu cha mchezo. Bega liliinua, likainua, hata ukano unaoshikilia mfupa ukachanika. Daktari akaushona. Leo ndiyo siku ya kuangalia kama umeshika. Ukiwa umeshika, Jumatatu atarudi kazini. Ukiwa haujashika, basi tena. Mkono hautapanda juu ya kifua.

Wifi yake alimsindikiza.

"Tembea basi, wifi. Kilichoshonwa ni bega, si miguu."

"Niache. Ungelala kwenye kiti wewe, saa hizi ungekuwa unang'ata watu."

"Nimekuogesha wiki sita na sijakung'ata. Nishukuru."

Daktari wa mifupa, mama mmoja wa sauti ya taratibu, alimpaka mafuta ya baridi begani, akapitisha kile kidude cha picha. Akapitisha tena. Mama Mashuka akamtazama usoni, asione kitu.

"Nusu imeshika, mama. Nusu imeachia."

Wifi ndiye aliyeruka. "Imeachiaje? Huyu hajainua hata kijiko! Mimi ndiye namlisha!"

Daktari akauliza moja moja. Sigara? Hajawahi kuvuta. Mkanda aliuvua? Kuoga tu, na mkono ameubana ubavuni. Alianguka? Hapana.

"Ukano ulichanika sehemu kubwa, na umri nao umesogea. Hayo tuliyajua tangu mwanzo. Na sukari yako inaendaje?"

"Nitajuaje? Dawa yake si mlinikataza?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Nani alikukataza?"

"Nesi. Asubuhi ya operesheni aliniambia, mama, usimeze dawa ya sukari, maana hujala. Sikumeza. Hakuna aliyeniambia nianze tena. Nikasema wenyewe wanajua, bega lipone kwanza."

Wifi akajishika kichwa. "Asubuhi moja, wewe umeivuta wiki sita!"

"Si wewe uliyesema afadhali vidonge vimepungua, tumbo lipumzike?"

"Mpimeni kwanza," wifi akamwambia daktari.

Walimchoma kidole: sukari kumi na saba, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Daktari hakugomba, na hilo lilimchosha Mama Mashuka zaidi. Angegombezwa angekuwa na la kujibu. Akaelezwa kwamba sukari ikipanda, mwili unajishona kivivu, na nyuzi mpya zinaota dhaifu.

"Siwezi kuapa kwamba ni sukari peke yake. Lakini umri siwezi kuupunguza. Hii tunaweza. Anza dawa leo. Mkanda wiki sita tena, na mtaalamu wa mazoezi atakuwa anakusogezea mkono yeye mwenyewe. Hiyo nusu iliyoshika tusiipoteze."

"Na nikikaza moyo nikarudi kazini?"

"Moyo kaza, mama. Mkono ulegeze."

Nje kulikuwa na benchi. Wifi akaleta maji, akamtobolea kidonge cha sukari, akasubiri mpaka kimemezwa. Kisha akapiga simu hosteli na kumshikia sikioni.

"Nimeongezewa wiki sita, Jumatatu siji," Mama Mashuka akamwambia msimamizi. "Kamba zangu za kuanikia mpe mwingine."

"Mama Mashuka, wiki sita tu hazitushindi. Tutakusubiri."

Alifumba macho. Neno hilo alikuwa amelitamani wiki nzima.

"Usinisubiri, mwanangu. Ukinisubiri nitakuja kabla sijapona. Na nikija, najijua, nitainua."